Msibandike tu bango kwenye ukuta wa kanisa

Tumsifu Yesu Kristo, na kwa wenzetu Waprotestanti, Bwana Yesu asifiwe, naona leo tumechanganyika na nimefurahi sana. Nimeombwa niongee na kamati za ujenzi kuhusu picha za ndani ya kanisa, na ntaanzia Murang'a kule Kenya manake ndo mahali panaponijia kila nikiwaza hili jambo.

Pale kuna kanisa kuu la Anglikana, St James and All Martyrs. Jiwe la msingi aliliweka Askofu Mkuu wa Canterbury, Geoffrey Fisher, mwaka 1955, hali ya hatari ikiwa bado inaendelea, na lilijengwa kuwakumbuka Wakikuyu Wakristo waliouawa kwa kukataa kula kiapo cha Mau Mau, wale wapiganaji wa msituni waliompinga mkoloni Mwingereza. Sasa fikirieni hali ilivyokuwa, kuna waliofiwa upande huu na kuna waliofiwa upande ule, wengine ndugu zao wako msituni, wengine wako kambini, halafu anapewa kazi kijana wa Kichaga, Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu, kasomea sanaa Makerere, anaambiwa haya, kuta hizi hapa. Angeweza kabisa kuchukua kadi ya Krismasi ya Ulaya akaikuza na watu wangeshukuru tu. Akachora picha tano, kuzaliwa kwa Yesu, ubatizo, karamu ya mwisho, Gethsemane na msalaba, na zote zimekaa kwenye nchi ile ile ya milima, nyumba ya nyasi, watu weusi, Yesu mweusi.

Naomba tukae kidogo hapo kwenye Gethsemane. Chukulia mama ambaye mumewe alijiwa usiku, anaingia Jumapili, anainua macho, anamkuta Bwana naye yuko gizani anaomba huku waliokuja kumkamata wako njiani, na mahali penyewe ni kama nyuma ya shamba lake. Huyo mama hahitaji mtu wa kumfafanulia chochote jamani, na mimi sijui mahubiri gani yangemfikia haraka hivyo. Picha ya kuletwa kutoka mbali isingeweza, hata ingekuwa nzuri namna gani.

Baadaye Njau alianzisha kituo cha sanaa cha Paa ya Paa, Nairobi, mwaka 1965, na pale aliweka maneno yake kwamba usiige, kuiga kunamlaza Mungu usingizi. Hayo maneno nayaamini kabisa. Na ndo maana roho inaniuma nikiingia kanisa jipya, watu wamechangishana miaka kumi, mifuko ya saruji, mabati, marumaru mpaka kwenye ngazi za altare, halafu ukuta mkubwa wa mbele kumetundikwa bango la kuprinti, picha imeshushwa intaneti na kuvutwa mpaka uso wa Yesu umekuwa chenga, na baada ya miaka michache jua la dirishani limeshailamba rangi.

Wakatoliki wenzangu wengine wanaogopa, wanadhani Roma haitaki. Mtaguso wa pili wa Vatikano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wetu, ulishasema tangu 1963, kwenye hati ya Liturujia, kwamba Kanisa halina mtindo mmoja wa sanaa uliofanywa kuwa wake. Nendeni Bujora, Mwanza, mkaone tabenakulo, yaani kisanduku cha kuhifadhia Ekaristi, yenye umbo la nyumba ya Kisukuma. Au Namugongo kule Uganda, basilika iliyowekwa wakfu 1975, nguzo 22 kwa ajili ya mashahidi 22 Wakatoliki, na kwa umbo ni kama nyumba ya Kiganda.

Kwa hiyo naomba hivi, msanii aitwe ramani ikiwa bado mezani, asiitwe wiki ya kutabaruku. Akae na nyie, asikilize mnavyoomba, ajue nani amezikwa pale nje. Na fundi ahakikishe ukuta umekauka na maji ya mvua hayapiti kwenye plasta, maana unyevu utabandua rangi hata kama aliyechora ni bingwa. Hela ikiwa haijatosha basi acheni ukuta mweupe kwanza, pakeni chokaa safi, msisali mbele ya bango eti kwa sababu mmeona aibu ukuta kuwa mtupu.

Naona mikono kule kwenye benchi la wazee, mama mwenye kitenge cha bluu tuanze na wewe.