Pima lenzi yako kwanza, ndipo uwasimulie wenzako

Karibuni tena. Kabla sijashika kamera, tazameni hizi picha mbili. Ya kushoto ina utando wa ukungu, kana kwamba mtu ameipulizia pumzi, na kila taa imezungukwa na duara la mwanga. Ya kulia ni safi. Zote zimepigwa kwa lenzi moja ya milimita 50, kamera moja, meza hiyo hiyo. Kwa wiki tatu nzima niliitangaza lenzi hii kwa wenzangu kuwa haifai. Nilituma picha, nikalalamika, na mmoja wao aliyekuwa akijiandaa kununua ya aina hiyo akaghairi. Kumbe kosa lilikuwa alama ya kidole changu mwenyewe kwenye kichujio, kile kioo cha ziada kinachofungwa mbele ya lenzi! Nilipokivua, lenzi ikapona.

Basi leo sisifii kifaa wala sikikandii. Nataka tupige picha za majaribio ambazo mwenzako akiziangalia ataiona lenzi yenyewe, si mkono wako uliotetemeka wala tripodi iliyokaa upande. Vitu vya kuandaa ni kamera, lenzi, tripodi, tochi ndogo, kipuliza vumbi cha mpira, kitambaa laini cha lenzi na kioo kidogo cha kujitazamia. Halafu tafuta ukuta wa matofali. Ukikosa, bandika kurasa za gazeti ukutani zienee fremu nzima, bila mkunjo hata mmoja.

Hatua ya kwanza ni kukagua na kusafisha. Puliza kwanza, ndipo ufute. Ukianza na kitambaa, chembe ya mchanga iliyokuwa imekaa kimya juu ya kioo inageuka msasa. Kichujio kama kipo, kivue kabisa, sihitaji kueleza kwa nini.

Sasa fungua apacha, yaani lile tundu la ndani ya lenzi, mpaka mwisho. Upana wake huandikwa kwa f, na namba ikiwa ndogo tundu ni pana. Mulika tochi upande mmoja na uchungulie upande wa pili, hivi. Utaona vumbi. Usishtuke, kila lenzi iliyotumika ina vumbi na mara nyingi halionekani kabisa kwenye picha. Unachotafuta ni nyuzi nyembamba zilizotambaa kama utando wa buibui. Hiyo ni kuvu. Huota mahali penye unyevu na giza, na ikikaa sana inakula mipako ya kioo, hapo hata ukisafisha alama inabaki. Tafuta pia weupe kama wa maziwa ulioenea kioo kizima. Vyote viwili hufifisha picha, hasa unapoelekeza kamera kwenye mwanga mkali.

Hapa niwakatize kidogo wenye lenzi za zamani. Kama kioo cha lenzi yako kimekuwa na rangi ya chai, usiitupe. Baadhi ya lenzi za miaka ya 1960 na 1970, yakiwemo baadhi ya matoleo ya lenzi ya Pentax iitwayo Super-Takumar ya milimita 50 f/1.4, zina kioo chenye thoriamu, metali yenye mnururisho, na mnururisho wake ndio unaogeuza kioo kuwa njano kadiri miaka inavyokwenda. Ukikianika kwenye mwanga wa urujuanimno kwa siku kadhaa, njano hupungua sana. Jua lenyewe linatosha. Ila usiiache lenzi juani peke yake, maana inakusanya miale na inaweza kuunguza kitu kilicho nyuma yake. Na kama utaituma picha iliyopigwa kwa lenzi ya namna hii kabla hujaianika, mwambie mwenzako, asije akadhani umeipaka rangi kwa programu.

Tuendelee. Hatua ya pili ndiyo iliyonichukua muda mrefu kuielewa, nayo ni kuiweka kamera sambamba na ukuta. Ukiwa umefungua tundu lote, eneo linaloonekana kali huwa jembamba sana. Kamera ikigeuka kidogo tu, upande mmoja wa ukuta unatoka nje ya fokasi, nawe unaandika kwamba lenzi ni mbovu upande wa kulia. Macho hayawezi kukusaidia hapa. Hata kile kipimajimaji cha tripodi kinakuambia kama kamera imelala sawa na ardhi, hakikuambii kama imeukabili ukuta sawasawa.

Kile kioo cha kujitazamia ndicho kitakachokuambia. Kibandike bapa ukutani, pale itakapoangukia katikati ya picha yako. Simamisha tripodi, washa skrini ya kamera, na fokasi kwenye taswira iliyo ndani ya kioo. Mnaona? Kamera inajitazama yenyewe. Sasa isogeze na kuigeuza polepole mpaka lile duara la lenzi ndani ya kioo likae katikati kabisa ya fremu. Likikaa hapo, lenzi imeukabili ukuta kwa pembe mraba. Kaza skrubu za tripodi, ondoa kioo, na kuanzia hapa usiiguse tripodi hata kwa bahati mbaya. Kama kuna watoto au paka nyumbani, funga mlango.

Kuhusu umbali, mimi huchukua urefu wa fokasi, yaani zile milimita zilizoandikwa kwenye lenzi, nikauzidisha mara 50. Lenzi ya milimita 50 inanipa mita mbili na nusu. Si sheria. Ni kipimo ninachokitumia kila mara ili majaribio yangu ya leo yaweze kulinganishwa na ya mwakani.

Mipangilio ya kamera tuipitie haraka. ISO, yaani kiwango cha kamera kuhisi mwanga, iwe 100. Hali ya kuchagua tundu, ile yenye alama ya A au Av. Piga RAW, yaani faili ghafi ambayo kamera haijaichakata, pamoja na JPEG. Zima kituliza mtikisiko, kwa sababu juu ya tripodi baadhi ya mifumo hutafuta mtikisiko usiokuwepo na kuuleta yenyewe. Weka kipima muda cha sekunde mbili, ili kidole chako kiwe kimeshaondoka shata, yaani pazia linalopitisha mwanga, inapofunguka. Halafu zima marekebisho ya lenzi yanayofanywa ndani ya kamera, ama sivyo kamera itang'arisha pembe zenye giza na kunyoosha mistari iliyopinda, nawe utaisifia lenzi kwa kazi iliyofanywa na programu.

Fokasi tuifanye kwa mkono. Kuza skrini mara kumi, tafuta mpaka wa tofali au herufi moja iliyo katikati, zungusha gurudumu la fokasi mpaka ukali uzidi kisha uanze kupungua, halafu rudi nyuma kidogo. Piga. Haribu fokasi kwa makusudi, fokasi upya, piga tena. Fanya hivyo mara tatu na uchague iliyo kali kuliko zote. Inachosha, najua. Lakini picha moja inaweza kukudanganya.

Sasa tunapiga mfululizo wenyewe: f/1.8, f/2.8, f/4, f/5.6, f/8, f/11 na f/16. Picha saba. Kuanzia f/2.8 kuelekea f/16, kila hatua inapunguza mwanga kwa nusu, na kamera inafidia kwa kuiacha shata wazi mara mbili zaidi. Hapa kwangu f/2.8 imenipa 1/1000 ya sekunde, kwa hiyo nikifika f/16 nategemea 1/30. Kama namba zako zinaruka ovyo katikati ya mfululizo, mwanga umebadilika, labda wingu limepita. Subiri, uanze upya.

Haya, tuzifungue kwenye kompyuta. Anza katikati, halafu nenda pembeni. Kwenye f/1.8 katikati pameshikika vizuri lakini pembe zimelegea na zina giza. Kwenye f/4 pembe zimeanza kuamka. f/5.6 na f/8 fremu nzima iko sawa, na ndivyo lenzi nyingi zilivyo. Sasa rukia f/16. Picha yote imelainika tena, hata pale katikati palipokuwa pakali kama wembe. Hapo usiilaumu lenzi. Mwanga unapopenya tundu dogo hujipinda na kutawanyika, na hilo huipata lenzi ya bei yoyote ile. Kila nikiona mtu analalamika kwamba lenzi yake haina ukali, swali langu la kwanza ni kama alipiga kwa f/16 au f/22.

Vipi kama upande mmoja umelegea kuliko mwingine? Umetumia kioo, umekaza skrubu, na bado kulia kuna ukungu. Inawezekana kioo kimojawapo ndani ya lenzi kimehama mahali pake, pengine kwa kuangushwa. Hakikisha kwa njia isiyohitaji ukuta. Toka nje, tafuta kitu kilicho mbali sana chenye mistari wazi, kama ubao wa maandishi au kilele cha mnara. Tundu wazi lote. Kiweke katikati, fokasi, halafu funga fokasi isibadilike. Geuza kamera mpaka kile kitu kikae ukingoni kushoto mwa fremu, piga. Kigeuzie ukingo wa kulia, piga. Kingo zote mbili zinaweza kuwa laini, hilo halina neno. Lakini kama kushoto unasoma maandishi na kulia ni uji, hiyo lenzi ina tatizo, na una ushahidi wa kumwonyesha fundi.

Jambo moja kabla ya kutuma, hasa kwa wanaopenda kulinganisha kamera. Tuseme yako inatoa picha ya pikseli 6000 kwa 4000, ambazo ni megapikseli 24, na ya mwenzako inatoa 8256 kwa 5504, karibu megapikseli 45. Mkikuza zote kwa asilimia 100, ya mwenzako unaiangalia kwa ukuzaji mkubwa zaidi, kwa hiyo kila kasoro ya lenzi yake inajitokeza. Yako itaonekana kali, nawe utavimba kichwa bure. Punguzeni zote zifikie upana mmoja, ndipo mlinganishe.

Kutuma kwenyewe sasa. Tayarisha faili tatu kwa kila tundu unalotaka kulionyesha: picha nzima iliyopunguzwa, mimi huweka pikseli 2048 kwa upande mrefu, na vipande viwili vilivyokatwa kutoka faili kamili bila kupunguzwa, kimoja cha katikati na kimoja cha pembeni. Hifadhi kwa sRGB, mpangilio wa rangi unaoeleweka na skrini na programu nyingi. Ukiacha Adobe RGB, mpangilio wenye rangi pana zaidi, kwa mwenzako mwenye programu isiyoelewa tofauti hiyo rangi zitaonekana zimefifia, na utajikuta unajibu maswali ya rangi wakati ulitaka kuzungumzia ukali.

Usifute EXIF. Hizo ni taarifa ambazo kamera huziandika ndani ya faili: lenzi, tundu, kasi ya shata, ISO, saa. Mfumo huu ulianzia Japani mwaka 1995, na kwetu sisi tunaobadilishana uzoefu hakuna shahidi mzuri kuliko huyu. Kitu kimoja tu cha kuondoa ni mahali, yaani GPS. Picha ya ukuta wa nyumba yako pamoja na ramani ya kufika hapo, karibu na maelezo ya vifaa vyote ulivyo navyo? Hapana. Na ukituma kwa WhatsApp, tuma kama hati, usitume kama picha. Ikienda kama picha hubanwa, na EXIF hupotea njiani.

Maneno yanayokwenda na picha nayo yana kazi. "Lenzi kali sana hii" haimsaidii mtu. Andika aina ya kamera, kama ulikuwa kwenye tripodi, kama marekebisho yalizimwa, na kama lenzi ulinunua mpya au imepita mikononi mwa watu. Sema "lenzi yangu hii", usiseme "lenzi hizi", kwa sababu zinazotoka kiwanda kimoja huwa zinatofautiana kidogo, na ya kwako huenda ilishaanguka kabla hujaipata. Kasoro uliyoiona iandike hata kama unaipenda lenzi. Mimi hii naipenda, na bado naandika kwamba f/1.8 pembeni ni laini.

Yule mwenzangu aliyeghairi nilimtumia faili zote saba pamoja na kumwomba radhi. Nilijiona nimemaliza kila kitu. Akajibu kwa swali moja: "Ulisimama umbali gani na ukuta?" Wakati ule sikuwa na kipimo cha mara 50, nilisimama tu pale tripodi ilipoenea, na EXIF ya kamera yangu haiandiki umbali. Kwa hiyo ongezeni tepu ya kupimia kwenye vile vitu nilivyotaja mwanzoni. Mimi ilibidi nikibandike kioo ukutani upya.