Kidonge cha mafuta, kochi la mama mkwe na dumu la lita 5

ZUHURA: Haya wasikilizaji wetu karibuni tena, mi ni Zuhura, mfamasia, yule pale ni Beka, hana fani yoyote ya afya ila ana kitambi, ndo mana tunaelewana.

BEKA: Kitambi chenye historia dada. Na leo naanza mimi kabla hujaniuliza. Zile kilo 3 zimerudi.

ZUHURA: Zimerudi peke yake au zimekuja na wageni?

BEKA: Peke yake, kwa sasa. Kwa msiojua, mwaka jana nilikuwa na kilo 104, nikatumia orlistati, vile vidonge vya kupunguza uzito vinavyozuia mafuta, miezi mitano nikashuka mpaka 97, nikaacha, na jana mizani inasoma 100 juu ya alama. Sa nataka nirudi kwenye dawa na huyu dada yenu ananiletea maswali kama wa uhamiaji.

ZUHURA: Mana mara ya kwanza hukuulizwa hata moja, ndo ukapata ulichokipata. Wasimulie kuhusu kochi.

BEKA: Jamani. Haya. Mi nilinunua tu duka moja la dawa, silitaji, nikapewa boksi, nikaambiwa kimoja kila mlo, mtu akageukia mteja mwingine. Nikaanza Jumatano. Jumamosi usiku tukawa na harusi, pilau la ng'ombe lile linang'aa, sambusa, kachori, nikameza na kidonge changu kwa raha kabisa yani nilikuwa najisemea leo kula mpaka basi kwa sababu mlinzi yupo mlangoni. Jumapili mchana tuko ukweni. Kochi la mama mkwe rangi ya maziwa, lina vile vitambaa vya kufuma. Nikahisi gesi. We unajua gesi ya kawaida unaibana kidogo unaiachia kistaarabu. Nikaiachia. Haikuwa gesi peke yake.

ZUHURA: Hahaha, subhanallah.

BEKA: Niliposimama kuna alama ya rangi ya chungwa, kama mafuta yanayoelea juu ya mchuzi, haina hata harufu ya choo, mafuta tu. Nikarudi kukaa. Nilikaa pale mpaka magharibi dada, wakaniita chakula nikasema nimefunga. Jumapili! Na asubuhi yake walikuwa wameniona nakunywa chai.

ZUHURA: Sa wasikilizaji, hicho kilichomkuta Beka sio kwamba dawa iliharibika au ilikuwa feki, hiyo ilikuwa inafanya kazi yake sawasawa. Ngoja nieleze mana hapa ndo watu wengi wanapotea. Mafuta unayokula, yawe ya alizeti, ya nazi, ya nyama, yanaingia tumboni kama magogo. Gogo halipiti kwenye ukuta wa utumbo, lazima lipasuliwe liwe kuni kwanza. Shoka la kupasulia ni enzaimu inaitwa lipesi, mwili unatengeneza wenyewe, nyingi inatoka kwenye kongosho. Hii dawa, orlistati, inaenda kulishika shoka. Sio mashoka yote, ila ukimeza kapsuli ya miligramu 120 na mlo, kama asilimia 30 ya mafuta uliyokula yanapita hivohivo magogo mpaka chooni. Au mpaka kwenye kochi. Dawa yenyewe kwenye damu inaingia kiduchu sana, kazi yake inaishia humohumo tumboni na kwenye utumbo.

BEKA: Kwa hiyo haichomi mafuta. Mana mi niliambiwa inayeyusha.

ZUHURA: Haiyeyushi kitu. Hicho kitambi ulichonacho tayari haikigusi, mwili ndo unakichukua wenyewe ukiona chakula kimepungua. Haikati njaa. Haijui ugali, haijui sukari, haijui bia. Inajua mafuta ya kwenye sahani basi. Ndo mana nasema ni kama mchongeaji, ukila kistaarabu anakaa kimya, ukila lile pilau anakusema mbele za watu.

BEKA: Mbele ya mama mkwe.

ZUHURA: Na sio dawa ya jana, ile ya 120 yenye jina la Xenical iliruhusiwa Ulaya 1998, Marekani 1999, halafu 2007 Wamarekani wakaruhusu ya miligramu 60, Alli, iuzwe bila cheti cha daktari. Asili yake kuna bakteria mmoja wa udongoni, wakaona anatoa kitu kinachozuia lipesi, wakakifanyia kazi mpaka ikawa dawa.

BEKA: Bakteria wa udongoni ndo kaniaibisha hivo. Lakini inafanya kazi au haifanyi? Mana mi nilitoa kilo 7.

ZUHURA: Inafanya, ila usiipe sifa zote. Kuna utafiti mkubwa ulifanyika Sweden, XENDOS, ulitoka 2004, watu 3,305 wenye unene, miaka minne. Wote walifundishwa kula na kutembea, nusu wakapewa orlistati nusu kidonge kitupu. Mwisho wa miaka minne wa dawa walikuwa wamepungua wastani wa kilo 5.8, wale wa kidonge kitupu kilo 3. Kwa hiyo toa hesabu mwenyewe, dawa yenyewe kama dawa imechangia kilo 2.8, zingine ni miguu na sahani.

BEKA: Kilo 2.8 miaka minne? Si ndo zile zangu zilizorudi!

ZUHURA: Subiri. Katika huohuo utafiti, waliopata kisukari kwenye kundi la dawa ni karibu asilimia 6, kwenye kundi la kidonge kitupu 9. Yani hatari imeshuka kwa kama theluthi hivi. Mtu ambaye mama yake ana sukari, baba yake ana sukari, hiyo sio kitu kidogo. Mi ndo mana siidharau hii dawa. Ninachokataa ni kuiuza kama muujiza, na zaidi sana vile vichai na vidonge vya mitandaoni, "tumbo flati siku 7", vingi wakivipima wanakuta vimewekwa dawa za kweli kimyakimya. 2010 Marekani walikamata hata Alli feki, ndani hamna orlistati, kuna sibutramini, na sibutramini ni dawa iliyoondolewa sokoni mwaka huohuo kwa sababu ya matatizo ya moyo.

BEKA: Sa mi nafaa au sifai? Niambie kama mteja.

ZUHURA: Urefu?

BEKA: Mita 1.74.

ZUHURA: Kilo 100 gawanya kwa 1.74 mara 1.74, unapata 33, hiyo ndo BMI, kipimo cha uzito kulinganisha na urefu. Kawaida dawa hii ni kuanzia 30, au 28 kwenda juu kama tayari una presha au sukari au kolesteroli. Kwa namba unafaa. Sio kwa dada mwenye kilo 66 anayetaka kuingia kwenye gauni la sendofu, huyo nikimuuzia nimemwibia. Na ukianza tunapeana miezi mitatu, kama hujapungua angalau asilimia 5 ya ulipoanzia, kwako ni kilo 5, tunaacha, haina maana kuendelea kulainisha choo kwa hela.

BEKA: Na wasiotakiwa kabisa?

ZUHURA: Mjamzito, anayenyonyesha, mwenye tatizo la nyongo kutopita vizuri, mwenye ugonjwa wa utumbo kushindwa kufyonza chakula. Halafu kuna voisi noti ya dada mmoja wiki iliyopita, anatumia levothairoksini ya tezi, anauliza. Inawezekana ila atenganishe masaa 4, na daktari wake ajue. Anayekunywa warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, damu yake ipimwe mara kwa mara zaidi kwa sababu vitamini K inapungua. Aliyepandikizwa figo yuko kwenye siklosporini, dawa ya kuzuia mwili usiikatae figo mpya, hapana, aachane nayo. Wa dawa za kifafa, na wa ARV, hawa nawaomba kwa herufi kubwa msijinunulie, kuna watu dawa zao zilipungua nguvu wakiwa wanatumia hii, na mtu anakuja kujua virusi vimepanda wakati alikuwa anahangaika na tumbo. Na wa vidonge vya uzazi wa mpango, ukiharisha sana ongeza kinga nyingine, usije ukapungua kilo 5 ukaongeza mtoto.

BEKA: Hahaha. Mi nakumbuka ulinilazimisha multivitamini.

ZUHURA: Vitamini A, D, E na K zinasafiri na mafuta, mafuta yakipita nazo zinapita. Ndo mana unameza multivitamini wakati wa kulala, mbali na kapsuli angalau masaa 2. Na ukiona macho njano, mkojo kama chai, kuwashwa mwili, acha uende hospitali, matatizo ya ini ni nadra sana ila yameshatokea. Na kapsuli ni wakati wa mlo au ndani ya saa moja baada ya kula, mlo usipoula au kama umekula matunda tu hakuna haja ya kumeza.

BEKA: Sa hapo nina siri. Nilipoacha nilibaki na vidonge kama 10 hivi, nikawa navibeba kwenye waleti. Nikienda kwenye shughuli nameza kimoja. Kama bima.

ZUHURA: Beka! Yani kochi halikukufundisha? Hiyo ndo siku mbaya kuliko zote kumeza, unachukua mlo wenye mafuta kuliko wiki nzima unautolea theluthi kwa mkupuo, afu kesho yake unashangaa. Chakula cha mtu anayetumia hii dawa mafuta yasizidi asilimia 30 ya kalori. Kwa mtu wa kalori 2,000 ni kama gramu 67 kwa siku, ugawe kwenye milo mitatu. Kijiko kimoja cha mezani cha mafuta ni gramu kama 14. Kwa hiyo ni kijiko kimoja na nusu kwa mlo, na humo hujahesabu nazi wala nyama yenyewe. Chipsi zege unakula?

BEKA: Swali lingine.

ZUHURA: Nyumbani mnatumia dumu la lita ngapi?

BEKA: Tano. Tuko wanne, mimi, mama watoto, na vijana wawili wanakula kama wabeba mizigo. Linakaa wiki mbili hivi, nadhani.

ZUHURA: Unadhani. Mtumie shemeji meseji muulize limefunguliwa lini na limebaki kiasi gani, afu tupige hesabu ya wiki mbili kwanza. Lita 5 gawanya siku 14 gawanya watu 4, ni mililita 89. Hivo ni vijiko vya mezani karibu 6 kwa kila mtu kila siku.

BEKA: Sita?

ZUHURA: Sita. Mengine yanabaki kwenye karai sawa, lakini tuseme yote yameliwa, ni kalori 700 na ushee kwako wewe kila siku kwenye mafuta tu, nyama na nazi bado. Kidonge kikifanya kazi yake vizuri kinakutolea kama 200 na kidogo humo. Ukishushia na soda ya plastiki ile ya nusu lita, ina kalori kama 200, mmemalizana, dawa na soda wametoka sare na wewe umelipia wote wawili. Sa shemeji akilifanya dumu likae wiki nne badala ya mbili, umeokoa kama 350 bila kumeza chochote, na ukija kumeza, kochi liko salama. Mi nakupa dawa, sikatai, daktari akisha kukuandikia. Ila kwanza chukua maka peni andika tarehe kwenye dumu siku linapofunguliwa. Mpimie mpishi kwa kijiko, asimimine kwa macho. Mwezi mmoja tu afu tukae tena.

BEKA: Na maandazi?

ZUHURA: Maandazi yanakunywa mafuta kuliko wewe unavokunywa chai. Jumapili, sio kila siku.

BEKA: Haya, shemeji yako kajibu.

ZUHURA: Soma.

BEKA: Anasema… dumu kafungua Jumapili asubuhi. Liko nusu.

ZUHURA: Leo Alhamisi.

BEKA: Afu anauliza nikitoka nipitie dukani nichukue lingine, mana kesho kuna wageni.