Mapagale na Picha ya Kesho

Ndugu Mwenyekiti, ndugu wanachama wenzangu,

Jambo nitakalolisema leo nimelisema mbele ya wengi wenu zaidi ya mara moja, na nitaendelea kulisema maadamu mapagale yanazidi kuongezeka kandokando ya barabara zetu. Mkitoka hapa jioni, hesabuni kuta zilizosimama bila bati, zile ambazo sebuleni mwake kumeota mpapai. Watu husema kwamba wenye kuta hizo waliishiwa fedha, na kwa baadhi yao ni kweli. Ninachodai mimi ni kwamba wengi walikuwa wameitazama kesho yao vibaya kabla ya kununua hata tofali la kwanza: waliiona nyumba, hawakuuona ujenzi.

Naomba nieleze habari zangu mwenyewe, tena kwa urefu, kwa kuwa sijapata mfano unaonifundisha zaidi ya huo. Mwaka 2006 nilichukua mkopo wa shilingi milioni tatu, nikaenda na mama Neema kwenye kiwanja tulichokuwa tumekinunua. Nilisimama katikati ya majani nikafumba macho, na nyumba nzima ikanijia: baraza pana la mbele, pazia likipepea dirishani, wageni wakivua viatu mlangoni, harufu ya pilau ikitoka jikoni. Niliiona waziwazi kiasi kwamba moyo wangu ulitulia kama wa mtu aliyekwisha kuhamia. Mke wangu aliyatazama majani yale, akaitazama njia tuliyoijia, akasema, “Baba Neema, maji ya kuchanganyia zege tutayatoa wapi?”

Nilikasirika. Nilimwambia kwamba ana tabia ya kutangulia na vikwazo, na njia nzima ya kurudi sikuzungumza naye. Swali lake halikuwa na ubaya wowote. Kisima cha karibu kilikuwa mbali, maji tuliyanunua kwa madumu yaliyoletwa na mkokoteni, na gharama hiyo haikuwemo katika hesabu yangu kwa sababu haikuwemo katika picha yangu. Katika ile picha hapakuwa na lori la mchanga lililokwama kwenye tope, wala fundi anayedai posho siku ambayo hakuna kazi, wala nondo za lenta. Tulianza mwezi Februari, masika yakatukuta na mahandaki ya msingi yaliyo wazi, nayo yakafukiwa na udongo tukachimba upya. Fedha zilikwisha kuta zilipofika usawa wa lenta. Nyumba ile ilikaa miaka tisa bila kupauliwa, mbuzi wa majirani wakilala chumbani kwetu, nami nikiendelea kukatwa mshahara kulipia mahali nisipokaa.

Wote wawili tuliiwaza kesho siku ile. Yeye aliiona siku moja ya kazi, yenye ndoo mkononi, na mimi niliona sherehe ya kuhamia. Tangu hapo nimejifunza kwamba picha ya namna yangu humlipa mtu furaha kabla hajaitolea jasho, na mtu aliyekwisha kulipwa haoni sababu ya kuamka alfajiri.

Sisemi haya kwa uchungu wa nyumba moja. Mwaka 1999 Lien Pham na Shelley Taylor, wa Chuo Kikuu cha California kilichoko Los Angeles, walichapisha utafiti juu ya wanafunzi waliokuwa wakikaribia mtihani. Baadhi waliambiwa wajione kila siku, kwa dakika chache, wakiwa wamefaulu na wanafurahia alama zao. Wengine waliambiwa wajione wakisoma: saa, meza, daftari, kelele zikizimwa. Waliojiona wakisoma walianza maandalizi mapema na kupata alama bora, ilhali waliojiona wamefaulu walisoma kwa saa chache zaidi. Miaka mitano kabla ya hapo, nchini Kanada, Roger Buehler na wenzake waliwauliza wanafunzi watamaliza tasnifu zao kwa muda gani. Kwa wastani walikadiria takriban siku 34, na walipotakiwa kukadiria endapo kila kitu kitakwenda vibaya kabisa walitaja takriban siku 49. Walitumia zaidi ya siku 55. Tafakarini jambo hilo: hata walipojilazimisha kuona mabaya, hawakuyaona yote.

Najua kuna mtu hapa anayesema moyoni kwamba kesho ni ya Mungu, na kuichora ni kiburi. Namheshimu, lakini ningependa anisomee habari za Nabii Yusuf. Alipoambiwa ndoto ya mfalme hakuishia kutabiri miaka saba ya neema na saba ya njaa. Katika Kurani aliagiza hata namna ya kuhifadhi nafaka, kwamba iachwe katika mashuke yake isipokuwa ile kidogo ya kula, na katika Biblia alishauri itengwe sehemu moja ya tano ya mavuno. Huyo ni mtu aliyeiona ghala, akauona na mlango wake.

Mwingine atasema kwamba anayekula alichopata leo hana kesho ya kuiwaza. Hoja hii hunikera, kwa sababu huwadharau watu hao hao inaojidai kuwatetea. Mama lishe anayecheza upatu anaijua siku atakayopokea, anajua nani anapokea kabla yake, na ameshaamua sufuria ipi atanunua. Wengi wetu wenye mishahara hatuiwazi kesho kwa uangalifu huo.

Nilikusudia kuzungumza kwa kirefu juu ya kustaafu, lakini naona Mwenyekiti ameshaitazama saa mara mbili. Niseme hili tu. Mwaka 2011 Hal Hershfield na wenzake walichapisha matokeo ya kuwaonyesha vijana sura zao zilizozeeshwa kwa kompyuta, na vijana hao walitenga fedha nyingi zaidi za uzeeni kuliko walioonyeshwa sura zao za sasa. Umri wa kustaafu kwa lazima ni miaka 60, na kila mmoja wetu anaujua mwaka wake. Anayefikiri juu ya mafao huiona siku ya kuyapokea. Nawaomba muione Jumatatu moja ya miaka minne baadaye, asubuhi, dawa zinatakiwa na mjukuu anatakiwa ada. Habari za vikundi na biashara tutaziacha hadi kikao kijacho.

Sasa, kabla hamjafikia meza ya fomu za mikopo, geuzeni karatasi zenu. Kila mmoja aandike jambo analotaka kulifanyia mkopo, kisha afumbe macho aitafute siku moja ya kazi iliyo katikati ya jambo hilo, siku yenye jina na tarehe, aone nani amesimama mbele yake, anadai nini, na mfukoni kumebaki shilingi ngapi. Waliokuja na wake zao au waume zao wawaulize wao kwanza. Nawapa dakika tano, na ukumbi uwe kimya.