Kinyama chako kilikaa kwenye nini?

Haya mama zangu, dada zangu, shikamooni wote. Leo sianzi na takwimu, naanza na hiki kikopo. Kilikuwa cha vidonge, mtu akakiosha. Kama hiki hiki kililetwa maabara kwetu na basi la usiku, ndani kuna kinyama cha titi la mama mmoja, kilichokatwa ili kipimwe kansa, kinaelea kwenye maji ya dripu. Siyo formalini jamani, ile dawa ya kuhifadhi kinyama kisiharibike, ni maji ya dripu! Siku 2 njiani, kimeshalainika, ukikishika na koleo kinachanika.

Sasa nyie mtasema huyu anatulilia formalini ya nini. Ngojeni.

Mwaka 1896 kuna daktari wa Scotland, George Beatson, aliandika habari za mama ambaye kansa ya titi ilishamzidi, yeye akamtoa vifuko vya mayai, na uvimbe ukanywea. Alikuwa amesikia kwamba kuna wafugaji wanamtoa ng'ombe vifuko vya mayai akishazaa ili maziwa yaendelee kutoka, akajisemea kumbe mayai na matiti vina mawasiliano. Homoni hata jina lilikuwa bado! Ikapita miaka 60 na kitu, pale Chicago Elwood Jensen na wenzake wakawapa panya istrojeni, yaani homoni ya kike inayotoka kwenye vifuko vya mayai, yenye mionzi ili waone inaenda wapi, wakakuta kizazi kinaing'ang'ania, kumbe ndani ya seli kuna kitu kinaidaka. Ndiyo risepta hiyo. Ichukulie kama kitasa, istrojeni ndiyo ufunguo, ukizunguka seli inaambiwa igawanyike, na kansa za titi nyingi, kama 70 katika kila 100, zina hicho kitasa.

Sasa kuna dawa inaitwa tamoksifeni, hiyo ni ufunguo unaoingia halafu hauzunguki. Ilitengenezwa Uingereza mwaka 1962 watu wakitafuta dawa ya kuzuia mimba, wakaja kuona kwa wanawake inachochea mayai yatoke, yaani kinyume kabisa! Mwaka 1971 Dr. Mary Cole na wenzake pale Manchester wakatoa majibu ya wagonjwa 46 wa kansa ya titi iliyosambaa waliopewa dawa hiyo, 10 walipata nafuu. Leo ni kidonge kimoja kwa siku, miaka 5, wengine 10. Ila kwenye kizazi ufunguo huo huo unazunguka kidogo, kwa hiyo ukiwa unaitumia na hedhi ilishakoma halafu ukaona damu, hata tone, usikae nalo nyumbani, nenda ukaangaliwe.

Turudi kwenye kikopo. Risepta tunaipima kwa kupaka rangi, kama ipo kiini cha seli kinakuwa kahawia, ukiangalia kwenye hadubini ni kama mtu kamwaga unga wa kahawa. Lakini kinyama kikichelewa kuingia formalini, risepta zinaharibika, rangi haishiki, na mimi naandika "hasi", yaani kitasa hakipo, wakati kwa kweli ni chanya, na mama wa watu anakosa kidonge ambacho kingemsaidia. Hiyo ndiyo inaninyima usingizi. Inatakiwa ndani ya saa 1 kiwe formalini, kikae humo kwa muda wa saa 6 hadi 72, basi.

Yule mama tulimwita, akachukuliwa kinyama upya. Kilikuja kahawia tupu.

Kipitisheni hicho kikopo hadi wa nyuma wakione, halafu nipokee maswali.