Usianze na jina la chuo: pa kuomba mastazi na PhD

ELIA: Haya karibuni tena jamani, leo mgeni hakuna, tuko mimi na dada Rehema tu, maana kuna meseji imeingia wiki hii tukasema hii tuikalie kipindi kizima. Dada hebu isome.

REHEMA: Ni binti yuko Iringa, jina tunaliweka pembeni. Amemaliza digrii ya kilimo pale SUA, chuo kikuu cha kilimo Morogoro, GPA yaani wastani wa alama 3.7, anafanya kazi kwenye mradi wa mbogamboga, ndo kaingia mwaka wa pili, na anataka akasome udongo. Anasema hivi: "nimetengeneza listi ya vyuo kumi na mbili, nimevichukua kwenye orodha ya vyuo bora duniani, naombeni mniambie nianze na kipi." Vingi ni vya Marekani, vichache Uingereza.

ELIA: Kumi na mbili!

REHEMA: Kumi na mbili kaka. Na namwelewa kabisa, maana hakuna mtu anayetufundisha hiki kitu, unamaliza digrii unapewa cheti, basi, mengine utajijua.

ELIA: Mi naanza na hela. Chuo cha Marekani mara nyingi ada ya kutuma maombi ni kama dola 75 mpaka 100, na hairudi hata wakikukataa. Sasa piga 75 mara kumi na mbili, hiyo ni dola 900, zaidi ya milioni mbili za kwetu, na hapo hujalipia mtihani wa Kiingereza wa IELTS. Mshahara wa mradi unaujua ulivyo.

REHEMA: Na marefa je, wale wa kukuandikia barua? Watu hawawahesabu marefa. Chuo kinataka barua tatu za mapendekezo, vyuo kumi na mbili ni barua thelathini na sita, na hao maprofesa wako watatu wana darasa la watu mia mbili, wana wanafunzi wa kusimamia, wana vikao. Barua ya kwanza mpaka ya nne atakuandikia kwa moyo, ya tisa anabandika ileile na jina la chuo kingine limebaki humohumo, nimeshaiona kwa macho yangu.

ELIA: Mwaka wangu wa kwanza niliomba saba, nikaangukia pua kote. Na nilikuja kujua sababu baadaye, nilikuwa nataka kusoma chumvi kwenye mashamba ya mpunga ya umwagiliaji, na kati ya vile vyuo saba vitano havikuwa na mtu hata mmoja anayefanya hicho kitu, yaani hata wangenipenda wangenipeleka kwa nani? Iliniuma sana, maana ile hela alinichangia mama kwa kuuza mahindi.

REHEMA: Pole kaka. Hapo ndo pa kushika. Ile orodha ya vyuo bora inapima chuo kizima, madaktari, wanasheria, wanafizikia, wote ndani. Haimwambii huyu mdogo wetu nani anafanya kazi ya udongo mwekundu wa nyanda za juu kusini uliochoka fosforasi. Anayejua hilo anaweza kuwa kwenye chuo ambacho shangazi yako hajawahi kukisikia.

ELIA: Unampataje sasa?

REHEMA: Chukua zile makala ulizozisoma ukiandika utafiti wako wa mwaka wa mwisho, zile tano ulizozielewa kweli. Angalia majina ya waandishi, wako chuo gani sasa hivi, maana watu wanahama. Halafu teremka chini kabisa kwenye shukrani, hapo wanaandika nani alilipia utafiti. Ukiona jina la mfadhili linajirudia ujue huyo mtu ana mradi, na mwenye mradi ndo mwenye nafasi ya mwanafunzi. Hapo sasa unamwandikia imeili fupi, mimi ni fulani, nimesoma makala yako ya kitu fulani, nina swali hili, unapokea wanafunzi mwaka kesho? Asipojibu mwandikie tena baada ya wiki mbili, wengine imeili zinawapita tu.

ELIA: Na kama ni Marekani, kitu ambacho wengi hawakijui, mastazi kule mara nyingi unajilipia, lakini PhD ya sayansi kwa kawaida chuo chenyewe kinakulipia ada na kukupa posho ya kuishi, unafundisha au unafanya utafiti wa profesa. Na programu nyingi zinapokea mtu mwenye digrii ya kwanza, huhitaji mastazi kwanza. Kwa hiyo swali sio Marekani ama Ulaya, ni je, uko tayari kukaa miaka mitano na kitu kimoja? Kama hujui bado, usiombe PhD kwa sababu tu ina hela.

REHEMA: Uingereza mastazi ni mwaka mmoja, ila ada ya mgeni ni kubwa, bila skolashipu kama Chevening au Commonwealth mi nisingejaribu. Na Chevening wanataka uzoefu wa kazi saa 2,800, ambayo ni kama miaka miwili, halafu ukimaliza unarudi nyumbani miaka miwili. Huyu yuko mwaka wa pili, ahesabu saa zake vizuri kabla hajajaza fomu.

ELIA: Ujerumani vyuo vingi vya serikali havina ada, ila msisikie "bure" mkakimbia. Jimbo la Baden-Württemberg, kilipo chuo kikuu cha Hohenheim ambacho ni kikubwa kwenye kilimo cha tropiki, wanatoza wageni wa nje ya Ulaya euro 1,500 kwa muhula tangu 2017. Na kwa viza unaonyesha hela ya mwaka kwenye akaunti iliyofungwa, kiwango kilikuwa euro 11,904 walivyopandisha 2024. Ndo maana watu wetu wanapita DAAD, shirika la Ujerumani linalotoa skolashipu, nao kwenye kozi zao za maendeleo wanataka miaka miwili ya kazi na digrii isiwe imepita miaka sita.

REHEMA: Erasmus Mundus ya Umoja wa Ulaya msiisahau, unaomba kozi moja kwa moja, unasoma nchi mbili au zaidi, na skolashipu ni euro 1,400 kwa mwezi.

ELIA: Lakini dada, we mastazi ulisoma hapahapa.

REHEMA: SUA, na sijutii hata siku moja. Shamba langu la utafiti lilikuwa Kilombero, msimamizi nilikuwa namgongea mlango, na data nilizokusanya mwenyewe ndo zilinipeleka kwenye PhD. Kuna na chuo cha Nelson Mandela pale Arusha, ambacho ni cha mastazi na PhD tu. Naumia mtu akiniambia "nitasoma hapa nikikosa nje", kama udongo wako uko Iringa kuna faida kubwa kuusomea karibu nao.

ELIA: Mi hapo napingana nawe kidogo. Vifaa vya maabara sisi kaka zako tulivikuta kule nje kwanza, sampuli ambayo hapa ningesubiri miezi, kule nilipata majibu ndani ya wiki.

REHEMA: Sawa, basi aulize hilo kwa wanafunzi waliopo sasa, asiulize ofisi. Sampuli zinachukua muda gani, msimamizi anasoma kazi yako baada ya siku ngapi, posho inaingia kwa wakati? Mwanafunzi wa mwaka wa pili atakwambia ukweli, na akinyamaza kwenye swali la msimamizi, hilo nalo ni jibu.

ELIA: Halafu ile GPA, kwenye fomu aandike 3.7 kati ya 5. Kule Marekani wamezoea kipimo cha 4, asiwaache wakadhani ni kitu kingine, na Ujerumani wanageuza kabisa, 1 ndo bora.

REHEMA: Kwa hiyo mdogo wangu, hiyo listi iweke chini. Tafuta watu watano kwanza, vyuo vitakuja na hao watu. Mi naona viwili vya nje vyenye mtu aliyekujibu, Erasmus moja, DAAD ukitimiza miaka, na kimoja cha hapa nyumbani.

ELIA: Na zile nafasi za Marekani zenye ufadhili, ukipewa, vyuo vingi vinakuacha mpaka tarehe 15 Aprili uamue, usikubali kukimbizwa.

REHEMA: Ila kesho asubuhi anza na transkripti, ile karatasi ya matokeo yako yote, peleka barua ya kuiomba mapema kabla wanafunzi hawajarudi chuo. Na ukipata majina ya watu wako watano tutumie, tutayapitia na wewe.