Jinsi ya kutenga hospitali kwa ajili ya wagonjwa wa janga

Karibuni watazamaji. Leo tunapanga hospitali ya wagonjwa wa janga peke yao, na mfano wetu ni UVIKO-19. Nazungumza hasa na timu za afya za wilaya na mikoa.

Anzeni na wale watakaohamishwa. Mwaka 2020 Dar es Salaam ilitenga Amana, hospitali ya rufaa ambayo watu wa Ilala waliizoea. Nairobi ikaitumia Mbagathi. Kabla hamjabandika tangazo getini, andikeni: kuanzia kesho mjamzito anajifungulia wapi? Mgonjwa wa kisukari anachukulia wapi dawa? Asiyeelekezwa pa kwenda atabaki nyumbani, na huko hamtamhesabu.

Sasa gaweni wagonjwa. Aprili 2020 India iliweka ngazi tatu, na kwangu huo ndio mpango wa kuigwa. Wenye dalili nyepesi wanakaa hosteli, shuleni au hotelini. Wa kati wanakwenda kituo chenye vitanda vya oksijeni. Mahututi ndio wanaofika hospitali kubwa. Kila kituo kijue mapema kinampeleka mgonjwa wapi, na ambulensi ilale hapohapo.

Tazama mapokezi. Nesi anamfuta mgonjwa rangi ya kucha, anaupasha mkono joto kama una baridi, anabana kipima oksijeni kidoleni na kusubiri namba itulie. Ikisoma chini ya asilimia 90, asiulizwe kadi wala bima. Apelekwe kwenye oksijeni, maandishi yatamfuata.

Oksijeni yenyewe ndiyo hospitali. Mtungi mkubwa hubeba lita 6,800. Mgonjwa anayevuta lita 10 kwa dakika anaumaliza kwa saa 11 na dakika 20. Wakiwa 20 wa namna hiyo, mnahitaji mitungi 43 kwa siku. Simamisha video hapa, weka namba zako. Waheshimiwa hupenda kupigwa picha na mashine za kupumulia. Ninyi ulizeni lori la mitungi linafika saa ngapi, na usiku spana ya kufungulia anakaa nayo nani.

Njia za wafanyakazi: mlango wa kuingilia wodini usiwe wa kutokea. Kuvaa vifaa vya kujikinga si kazi, hatari iko kwenye kuvua. Toa glavu na gauni, takasa mikono, ndipo uvue miwani. Barakoa ni ya mwisho, ukiwa umeshatoka chumbani, kisha mikono tena. Awepo mwenzako wa kukuangalia, maana aliyechoka baada ya zamu hushika uso bila kujua.

Bado ndugu wa mgonjwa. Hawaingii, kwa hiyo wodi iwe na simu yake, na mtu mmoja apangiwe kuwapigia kila siku saa ileile, hata kama hali haijabadilika. Chakula kipokelewe getini kikiwa na jina na namba ya kitanda, kwenye vyombo vya kutupa. Hotipoti ya nyumbani isiingie.