Kuku Amejikunyata, Anaumwa Nini? Tumkague Pamoja

Mbukwenyi wapendwa, karibuni tena uani kwangu hapa Nzuguni. Mnisamehe kwa huu upepo, ndiyo Dodoma ya mwezi wa nane, vumbi halina adabu. Aliyeshika simu ni mwanangu. Picha ikitikisika mvumilie, malipo yake ni soda moja.

Leo nilikuwa niwaonyeshe vyombo vya maji vya kuning'iniza ninavyouza. Vipo, tutavirudia. Ila asubuhi nimefungua banda, wote wametoka mbio, huyu Bi Mkubwa kabaki ndani. Mnamwona? Kajikunyata, manyoya kayatutumua, mkia chini, macho anafumba nusu. Kuku anaficha ugonjwa, maana wenzake wakishajua kwamba ni dhaifu wanamdonoa. Ukimwona hivi leo, ujue hakuanza leo.

Na najua unachotaka kufanya. Unakimbilia duka la dawa za mifugo, "nipe ya kuku anayesinzia," unapewa unga wa njano, unaukoroga kwenye maji ya kundi zima. Nimefanya hivyo miaka mingi, msidhani nawacheka. Lakini kusinzia siyo ugonjwa. Ni sawa na mtu kukwambia "sijisikii." Leo hatununui kitu mpaka tumkague.

Kwanza usimguse. Simama mbali, hesabu. Anayeumwa ni mmoja au watano? Wakiwa wengi kwa mpigo, wanaharisha kijani, shingo zinapinda, wengine wamekufa usiku, hapo mawazo yaende kwenye kideri, wengine mnaita mdondo. Usiuze, usipeleke mnadani, usimpe jirani. Piga simu kwa afisa mifugo wa kata. Kideri kinaletwa na kirusi, hakina dawa, hata ule unga wa njano haukigusi. Kinga yake ni chanjo, ile ya I-2 unadondosha tone moja jichoni, unarudia kila baada ya miezi 3. Huyu alichanjwa mwezi wa sita, shingo imenyooka, wenzake wanakula. Tuendelee.

Halafu, usinicheke, hakikisha kwamba haatamii! Niliwahi kumpa dawa ya minyoo kuku mzima kabisa, kumbe anataka mayai ya kulalia. Anayeatamia ukimsogelea anatutumka na kukukaripia, nusura akudonoe. Huyu nimemsogelea, hata jicho hajafungua.

Kinyesi. Nimemweka kwenye tenga juu ya kiroba cheupe ili tuone. Mwanangu, sogeza simu. Siyo kwenye uso wangu, kwenye kiroba! Haya. Hii ya kijivu yenye kofia nyeupe juu ni ya kawaida, ule weupe ndio mkojo wake. Hii nyingine ya kahawia, laini, inayonuka mpaka machozi, nayo ni ya kawaida, kuku huitoa mara chache kwa siku. Watu wakiiona hii wanaanza dozi. Kijani yenye majimaji inaweza kuwa ugonjwa, inaweza pia kuwa hajala tu. Damu, hasa kwa vifaranga, tunawaza koksidia, ugonjwa wa utumbo. Hapa damu hakuna, minyoo sioni.

Sasa kumshika, na hapa naomba mnisikilize. Unamshika mabawa yote mawili kwa pamoja, unamkumbatia kifuani, kichwa juu. KICHWA JUU. Najua sisi sote tumebeba kuku kwa miguu kichwa kikining'inia, kutoka sokoni mpaka nyumbani, kwenye baiskeli, kwenye bodaboda. Kuku mgonjwa usimfanyie hivyo. Nitaeleza kwa nini.

Papasa hapa chini ya shingo, upande wa kulia kidogo. Hiki kifuko ni gole, chakula kinapita hapa kwanza. Jioni linatakiwa lijae, alfajiri kabla hajala liwe tupu. Kwa hiyo likague alfajiri, ukilikagua saa kumi jioni utajidanganya. Likiwa gumu kama mpira alfajiri, limeziba. Kuku wetu wanameza nyuzi za viroba, majani makavu, mpaka vipande vya nailoni. Likiwa linacheza kama puto la maji, na mdomo unanuka kama pombe ya jana, limechacha.

Sasa nilikuwa na kuku mweupe, mtagaji kweli kweli. Gole likachacha. Nikaambiwa mpindue, likamue, maji yatoke. Nikampindua. Maji yalitoka, tena mengi, nikafurahi. Mengine yakaingia kwenye njia ya hewa. Alitapatapa mikononi mwangu kama dakika mbili, akaisha. Kilichomuua siyo ugonjwa, ni mimi. Kwa hiyo gole likiwa na maji usimpindue. Usimkamue. Hata kama jirani yako amefanya na kuku wake akapona, usimpindue. Mtenge, mnyime chakula kigumu, mpelekee mtaalamu.

La Bi Mkubwa ni tupu na laini. Safi.

Ukiwa bado umemshika, utasema "mbona wa moto, ana homa!" Kuku mzima joto lake ni nyuzi 41 hadi 42, lazima umwone wa moto. Mkono wako siyo kipimajoto.

Shuka kidarini. Mfupa wa katikati ukiwa umechomoza kama kisu, kakonda kwa wiki kadhaa. Huyu kakonda kidogo, siyo sana.

Chini ya mkia: safi. Bonyeza taratibu, taratibu jamani, kama kuna kitu kigumu cha duara hapo, yai limekwama. Wa hivyo utamwona anasimama wima kama askari wa gwaride na kujikamua. Usilivunjie ndani. Hapa hakuna.

Aa! Ananinyea. Mwanangu, acha kucheka, endelea kurekodi.

Uso. Ukivimba, macho yanatoa machozi, pua inanuka, ni mafua. Vipele vikavu kwenye upanga, hii nyama nyekundu ya kichwani, na kwenye ndevu, ndui. Mdomoni hakuna utando. Lakini subiri, hebu rudisha simu hapa kwenye upanga. Mnaona rangi? Linganisha na yule mwekundu kule kwenye mwarobaini. Huu umepauka, kama nyanya isiyoiva. Nilikuwa nimeuruka, kamera ndiyo imeniumbua. Upanga kupauka mara nyingi maana yake damu imepungua, na damu haipotei hivi hivi. Kuna anayeinywa.

Viroboto wanaong'ang'ania pembeni mwa macho, hakuna. Nafunua manyoya chini ya bawa, kwapani, kuzunguka njia ya haja. Chawa hakuna, mayai ya chawa hakuna. Mchana huu ni msafi kama kaoga. Hapo ndipo wengi wanafunga kazi na kununua vitamini. Sisi tunasubiri giza.

Haya, saa mbili usiku hii. Samahani kwa mwanga, ni tochi ya simu ya pili. Nakuja bandani na kitambaa cheupe. Napitisha chini ya fito wanazolalia, siyo juu, chini, pale fito inapokutana na ukuta. Ukuta wangu ni wa tope, una nyufa, na nyufa ndizo nyumba zao. Tazameni kitambaa. Hii mistari myekundu ni damu ya Bi Mkubwa. Na hivi vinavyotembea kama pilipili manga iliyosagwa ni utitiri. Mchana wanalala kwenye ufa, usiku wanapanda kunyonya, ndiyo maana mwilini hatukuona kitu. Na Bi Mkubwa analala pembeni kabisa, jirani na ukuta. Na wenzake nao nitawakagua kesho mmoja mmoja.

Fito zote natoa kesho, nazipitisha kwenye moto nje, mbali na banda. Nyufa naziziba kwa tope jipya. Dawa ya unga ya wadudu nitanunua dukani sasa, kwa sababu sasa najua naiomba ya nini, na nitauliza mayai yaliwe baada ya siku ngapi. Baada ya wiki moja narudia, kwa sababu mayai ya utitiri yaliyobaki yanakuwa yameanguliwa. Kuhamisha kuku tu hakutoshi, hawa utitiri wanaweza kukaa miezi bila kula wakisubiri. Bi Mkubwa analala jikoni kwenye tenga, nampa dagaa kidogo na mchicha, damu irudi.

Ukiona mmoja amekufa na hujui sababu, mpeleke akiwa bado mbichi kwenye maabara ya TVLA, wakala wa serikali wa maabara za mifugo, hapa Dodoma, kwenye chombo chenye barafu, usimgandishe. Na ukitoka bandani nawa...

Jamani, wameshanipanda. Mwanangu, zima, zima, wapo mpaka kwenye kiwiko!